Uliza Ujibiwe: Sera imebadilika. Je, ni utafiti wetu ulioibadilisha?

Shikamoo Mama,

Nimekuwa msomaji wa safu hii tangu nikiwa mwanafunzi. Sasa ni mtafiti wa udongo, mwaka wa tano kazini. Kwa misimu sita tulifanya majaribio ya mbolea kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Tuliona kwamba penye udongo wa asidi nyingi, mbolea ya kupandia iliyopendekezwa na mwongozo wa wizara haimsaidii mkulima vya kutosha mpaka udongo utiwe chokaa ya kilimo kwanza. Tukaandika makala mbili za kitaalamu, na muhtasari wa kurasa nne kwa ajili ya wizara. Mwaka jana mwongozo ulibadilishwa. Sasa unasema udongo upimwe kwanza, na chokaa imetajwa kwa jina.

Tulishangilia. Lakini mfadhili ametuletea fomu, na humo kuna kisanduku kinachouliza: mabadiliko ya sera yaliyotokana na mradi wenu ni asilimia ngapi? Mkuu wa idara anataka tuandike mia kwa mia. Mimi nafsi inanisuta. Najua chama cha wakulima kilikuwa kinailalamikia mbolea ile kabla yetu. Najua kuna wauza chokaa waliokuwa wanapiga hodi wizarani kila wiki. Najua waziri alibadilishwa katikati ya mambo. Niandike nini? Na tathmini ya namna hii inafanywaje kwa haki?

Mtafiti wa udongo

*

Marahaba, mwanangu.

Usiandike mia kwa mia. Usiandike sitini wala thelathini pia. Asilimia ya namna hiyo haina mahali inapotoka, na kesho ukiulizwa umeipataje utabaki unatazama dari. Mkuu wako mwambie hivyo kwa adabu, na mwambie mimi ndiye niliyekutuma.

Acha nikueleze tatizo lilipo, maana wafadhili wengi wanaoandaa fomu hizi hawalioni. Hesabu za faida ya utafiti wa kilimo zilianzia kwenye mbegu. Mwaka 1958 mchumi Zvi Griliches alichapisha hesabu yake maarufu ya faida ya mahindi chotara huko Marekani. Alikuwa na vitu vya kushika mkononi: ukubwa wa eneo lililopandwa chotara, mavuno yaliyoongezeka, na fedha zilizotumika kwenye utafiti, za umma na za makampuni. Mbegu ina faraja hiyo. Shamba la mbegu mpya liko hapa, la mbegu ya zamani liko ng'ambo ya mtaro, unapima magunia ya huku na ya kule. Sera haina shamba la jirani. Mwongozo wenu ulipotangazwa, ulitangazwa kwa nchi nzima siku moja. Hakuna nchi pacha ambako ninyi hamkufanya utafiti, tukaenda kuchungulia mwongozo wao unasemaje. Kwa hiyo anayepima athari ya utafiti kwenye sera anapima kilichotokea dhidi ya kisichotokea, na hicho kisichotokea inabidi akijenge mwenyewe kwa ushahidi, tofali kwa tofali.

Mimi nililijua hili kwa kuumia. Miaka mingi iliyopita kituo kimoja cha utafiti kiliniajiri nitathmini kama kazi yao ilikuwa imeingia kwenye kanuni mpya za mbegu. Nikasoma kanuni, nikasoma ripoti yao, nikakuta sentensi moja inafanana neno kwa neno, hata mkato uko palepale. Nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Nikaiweka sentensi ile ukurasa wa kwanza wa taarifa yangu, kama ushahidi usio na shaka. Miezi minne baadaye nikakutana na mwandishi wa sheria aliyeziandika kanuni zile. Nikamwonesha. Akaenda kabatini, akatoa barua ya vyama vya wakulima iliyogongwa mhuri wa kupokelewa miaka miwili kabla ya ripoti ya watafiti. Sentensi ilikuwa humo. Watafiti waliipata kwa wakulima, naye mwandishi wa sheria aliipata kwa wakulima haohao. Nilirudi kwa walionituma nikaomba taarifa isahihishwe. Nikajibiwa kwamba imeshachapishwa na mfadhili ameridhika. Imebaki hivyo hadi leo, na wale walioandika barua hawatajwi popote. Linaniuma bado.

Tangu hapo sianzi na ripoti ya mtafiti. Naanza na uamuzi wenyewe, kisha narudi kinyumenyume. Nawe fanya hivyo. Anza na siku mwongozo mpya ulipotiwa saini. Nani aliuandika, kwa maana ya mkono ulioshika kalamu? Rasimu ya kwanza ilisemaje, na ya pili, na chokaa iliingia kwenye rasimu ya ngapi? Siku ile mezani kulikuwa na karatasi gani? Kulikuwa na mapendekezo gani mengine yaliyokataliwa, na yalikataliwa kwa hoja ipi? Ukienda hivi utavuka njia ya utafiti wenu mahali fulani, kama kweli ulipita. Ukianza na utafiti wenu na kufuata nyayo zake kwenda mbele, utaziona nyayo zako kila mahali, kwa sababu ndizo pekee unazozitafuta.

Na usizungumze na rafiki zako wa wizarani peke yao. Mtafute aliyepinga. Lazima yupo mtu aliyesema mwongozo wa zamani unatosha, au kwamba kupima udongo ni gharama isiyobebeka. Muulize ni nini kilichomshinda. Akijibu, "Wale watu wa udongo walikuja na matokeo ya misimu sita nikakosa la kusema," jibu hilo moja lina uzito kuliko barua kumi za shukrani. Akijibu kwamba aliyemshinda ni waziri mpya aliyekuja na lake, andika hivyohivyo.

Sasa, wauza chokaa na wakulima wasikutie hofu. Kuwapo kwao hakuufuti mchango wenu. Tazama Indonesia. Mwaka 1986 rais wa nchi ile alitoa amri ya kupiga marufuku viuatilifu 57 kwenye mpunga. Wataalamu wa wadudu walikuwa wameonesha kwamba dawa zile zinaua buibui na viumbe wengine wanaomla mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mpunga, kwa hiyo kadiri mkulima anavyopuliza ndivyo anavyomwongeza adui yake. Ukiishia hapo utasema utafiti umeshinda peke yake. Lakini mwaka uleule bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka, na serikali iliyategemea mafuta kwa mapato yake, huku ruzuku ya viuatilifu ikila fedha nyingi. Tena nchi ilikuwa imefikia kujitosheleza kwa mchele mwaka 1984, na mdudu yule alikuwa anatishia kuwanyang'anya fahari hiyo. Hazina tupu ingeweza kuikata ruzuku. Isingeweza kujua ni dawa zipi ziondolewe na zipi zibaki, wala isingempa kiongozi ujasiri wa kuamini kwamba mpunga utapona usipopulizwa. Mchango wa utafiti ulikuwa hapo, na unaonekana vizuri zaidi ukishazitaja sababu nyingine zote.

Mkanada mmoja, John Mayne, aliyefanya kazi katika ofisi ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ya nchi yake, ndiye aliyeipa njia hii umbo. Alisema tuache kudai kwamba jambo lote limesababishwa na sisi. Tueleze mchango wetu. Andika hadithi yako ya jinsi utafiti ulivyofika hadi kwenye uamuzi, hatua kwa hatua. Kisha ushambulie kila kiungo kama adui anayetaka kikatike. Kiungo kilichobaki kimesimama, kiandike. Kilichokatika, kitoe au katafute ushahidi zaidi.

Swali linalonisaidia kuliko yote ni la muda. Badala ya kuuliza, "Bila sisi ingetokea?", uliza, "Bila sisi ingetokea lini?" Wazee wa wizara huwa wanalijibu hili vizuri, kwa sababu wanajua foleni ya mambo mezani kwao. Vietnam katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na kikomo cha mchele wa kuuzwa nje, na vizuizi vya kuusafirisha mchele ndani ya nchi yenyewe, yote kwa hofu kwamba watu watakosa chakula. IFPRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa sera za chakula, ilifanya utafiti pamoja na watu wa huko na kuonesha kwamba kulegeza vizuizi kungempa mkulima bei nzuri zaidi bila kuhatarisha chakula cha nchi. Vizuizi vikalegezwa. James Ryan alipotathmini kisa hiki, katika taarifa iliyotoka 1999, mbele yake alikuwa na nchi iliyokwisha kuanza kuufungua uchumi wake tangu 1986. Huwezi kusema nchi kama hiyo ingeng'ang'ania vizuizi milele. Lakini waliokuwa karibu na uamuzi walieleza kwamba utafiti uliwapa uhakika wa kutenda. Uhakika huo huleta uamuzi mapema, na umapema una thamani inayohesabika.

Kwa hiyo mfadhili akisisitiza tarakimu, mpe tarakimu ya namna hii. Nakutolea mfano wa kubuni, weka za kwako. Tuseme mkulima mwenye udongo wa asidi akifuata mwongozo mpya anabakiwa na gunia moja zaidi kwa eka, baada ya kulipia chokaa na usafiri wake. Tuseme eka 10,000 zimeufuata. Hayo ni magunia 10,000 kwa msimu. Mahojiano yako yanaonesha kwamba bila ninyi mwongozo ungechelewa misimu miwili kwa anayewapunja, na misimu sita kwa anayewapenda. Basi mchango wenu ni kati ya magunia 20,000 na 60,000, na hapo toa gharama ya utafiti wenu wote, pamoja na majaribio yaliyoshindwa. Si magunia 10,000 kila msimu mpaka mwisho wa dunia. Andika ncha zote mbili, ya chini na ya juu. Anayeandika tarakimu moja iliyonyooka anajidai kujua kisichojulikana.

Kuna jambo moja katika barua yako limenisumbua zaidi ya kisanduku. Unasema mwongozo umebadilika. Je, shambani kumebadilika nini? Chokaa inapatikana? Vifaa vya kupima udongo vipo kwa bwana shamba au vimefungiwa stoo? Mwongozo uliotiwa saini na kuwekwa kwenye faili haujamlisha mtu. Hapa kisa cha maziwa cha Kenya kina la kutufundisha. Kati ya 1997 na 2005 kulikuwa na mradi wa utafiti wa maziwa ya wafugaji wadogo, ulioendeshwa na wizara ya mifugo, taasisi ya utafiti wa kilimo ya nchi ile na ILRI, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo. Waliona kwamba sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa hupita kwa wachuuzi wadogo wa maziwa mabichi, watu ambao sheria iliwahesabu kama wavunja sheria, ilhali wanunuzi huyachemsha kabla ya kunywa. Kukawa na mvutano mkali na wenye viwanda. Mwishowe msimamo wa serikali ukageuka, wachuuzi wakaanza kufundishwa na kupewa leseni.

Watathmini walipokuja kukipima kisa hicho, matokeo yakachapishwa mwaka 2010 katika jarida la World Development, walikadiria faida ya dola milioni 230 kwa kipindi cha 1997 hadi 2039. Tarakimu hiyo wengi huikumbuka, nami nakuomba utazame ule mwaka wa mwisho: sehemu kubwa ya faida ilikuwa bado mbele, ni makadirio. Ninachokiheshimu mimi katika kazi ile ni kwamba hawakuishia kwenye maandishi ya sera. Waliangalia tabia ya wakaguzi na ya wachuuzi, kama kweli mkaguzi aliyekuwa anamkimbiza mchuuzi ameacha kumkimbiza. Faida yote ilipita kwenye mlango huo. Wewe mlango wako ni upi? Nadhani ni bwana shamba. Nenda kamuulize anawaambia nini wakulima msimu huu.

Kuhusu fomu, kisanduku cha asilimia kiache wazi, andika "tazama maelezo", kisha weka maelezo ya namna hii, kwa maneno yako:

"Mwongozo wa mbolea ulibadilishwa mwaka jana na kuingiza upimaji wa udongo na matumizi ya chokaa. Malalamiko ya wakulima yalilifikisha suala hili wizarani kabla ya mradi wetu, na wauza chokaa walilisukuma. Matokeo yetu ya misimu sita yalitumika katika rasimu ya pili, kama inavyoonekana kwenye kumbukumbu za kikao, kuamua ni udongo wa kiwango gani cha asidi unaohitaji chokaa. Maofisa watatu tuliozungumza nao, akiwamo mmoja aliyepinga, wanakadiria kwamba bila takwimu hizi uamuzi ungechelewa kwa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Utekelezaji mashambani bado haujapimwa."

Kama kumbukumbu za kikao hazisemi hivyo, usiandike hivyo. Na sentensi ya mwisho usiifute hata mkuu akikasirika. Ndiyo itakayowapatia fedha za awamu ijayo.

*

Ndugu mwandishi, habari za kazi.

Mimi niko upande wa pili wa meza. Nimetumikia wizara kwa miaka 26 na sasa ni mkurugenzi. Haupiti mwezi bila kuletewa dodoso na kituo cha utafiti au shirika, wakitaka nithibitishe kwamba ripoti yao iliathiri uamuzi wetu. Nikisema ndiyo, naonekana katika kijitabu chao nikitabasamu. Nikisema hapana, nasikia mradi umekosa fedha. Ukweli ni kwamba mara nyingi sikumbuki nililisoma wapi jambo. Ninalijua tu. Nifanyeje?

Mkurugenzi

*

Ndugu yangu Mkurugenzi, salama, na pole kwa madodoso.

Hilo la kutokumbuka ni kweli tupu, na ningependa uliandike vivyo hivyo kwenye dodoso. Mwanasosholojia wa Marekani Carol Weiss alitumia miaka ya 1970 kuwauliza watu kama wewe wanavyoutumia utafiti. Alichokikuta ni kwamba mara chache sana ofisa huchukua ripoti fulani na kufanya uamuzi fulani kwa sababu yake. Utafiti huingia kama unyevu ukutani. Makala hii, semina ile, mazungumzo kwenye korido, mtu mliyesafiri naye kwenda ukaguzi wa mashamba, na baada ya miaka kadhaa ofisi nzima inaliona tatizo kwa jicho jingine bila yeyote kujua jicho hilo lilibadilika lini. Zamani wizara nyingi duniani ziliamini kwamba mkulima mdogo ni mzembe, hajui hesabu, ndiyo maana hafuati ushauri. Mwaka 1964 mchumi Theodore Schultz alitoa kitabu kilichotetea kwamba mkulima huyo anatumia vizuri sana alichonacho, ila alichonacho ni kidogo. Leo ofisa kijana anaingia kazini akiwa tayari anaamini hivyo. Ukimpa dodoso linalouliza kama Schultz alimwathiri, ataandika hapana, na atakuwa hajasema uongo.

Kwa hiyo usijibu ndiyo wala hapana. Mwambie anayekuhoji mambo unayoyakumbuka kweli. Mlikuwa mnaamini nini kabla? Ni lini mlianza kutia shaka? Nani mlimpigia simu mlipokwama? Hilo la simu lina uzito sana, ndugu yangu. Nimeona watafiti wasio na makala hata moja iliyosomwa wizarani, lakini kila panapozuka tatizo la wadudu au la bei, ndio wanaoitwa. Huo ni mchango mkubwa wala hauingii kwenye fomu yoyote niliyowahi kuiona.

Nawe pia una wajibu, uniwie radhi kwa kusema. Mafaili yako. Waraka wa mapendekezo unaopanda kwa waziri mara nyingi hauna hata mstari unaoonesha takwimu zilitoka wapi. Waagize vijana wako waandike chanzo pembeni, hata kwa kalamu ya risasi: takwimu hii ni ya nani, hoja hii ililetwa na nani, tarehe ngapi. Ikifika siku mtathmini mwaminifu akija, hatakuwa na haja ya kumbukumbu yako. Na ile barua ya wakulima itaonekana.

Picha ya kutabasamu unaweza kuikataa. Hiyo ni haki yako.

*

Mama, shikamoo.

Ninaandika tasnifu ya uzamili. Nilichagua utafiti mmoja wa kilimo uliofanywa vizuri sana, lakini serikali iliusoma na kuukataa kwa barua rasmi. Msimamizi wangu anasema nibadilishe mada kwa kuwa "hakuna athari ya kutathmini". Je, ni kweli?

Mwanafunzi

*

Marahaba. Si kweli, na mwambie msimamizi wako, kwa heshima zake, kwamba uhaba wa tasnifu kama yako ndio ugonjwa wa fani hii nzima.

Karibu kila tathmini uliyoisoma inahusu utafiti uliofanikiwa. Hata CGIAR, mtandao wa vituo vya kimataifa vya utafiti wa kilimo ulioanzishwa 1971, ulipotaka kupata ushahidi wa athari za utafiti wake wa sera, ulianza na visa ambavyo tayari vilionesha dalili nzuri. Naelewa kwa nini, huwezi kutumia fedha nyingi kutathmini ambako hakuna dalili yoyote. Lakini ukikusanya visa vya namna hiyo ukatoa wastani, umepata wastani wa washindi. Hatujui ni tafiti ngapi nzuri zilikwama, wala zilikwamia wapi, mpaka watu kama wewe waziandike.

Pia jihadhari na kudhani kwamba athari ni lazima iwe badiliko. Mexico ilianzisha mpango wa Progresa mwaka 1997, wa kuzipa familia maskini za vijijini fedha kwa sharti la kupeleka watoto shule na kliniki. IFPRI iliajiriwa kuutathmini. Mwaka 2000 chama kilichotawala kwa miaka 71 kikashindwa uchaguzi wa rais. Ilikuwa desturi ya utawala mpya kutupa mipango ya uliotangulia na kuanza yake. Mpango ule haukutupwa. Ulipanuliwa hadi mijini na mwaka 2002 ukapewa jina jipya, Oportunidades, na ushahidi wa tathmini ile ulikuwa sehemu ya sababu. Ukitafuta sera iliyobadilika, hapo utapita bila kuona kitu.

Kukataliwa nako hakufanani. Kuna kukataliwa kwa sababu ya fedha, kuna kukataliwa kwa sababu mtu mkubwa ataumia, na kuna kukataliwa kwa muda. Huko Ufilipino, Agnes Rola na Prabhu Pingali walichunguza afya za wakulima wa mpunga na kuonesha, katika kitabu chao cha 1993, kwamba ukihesabu gharama za kuugua kwa wapuliziaji, faida ya kupuliza viuatilifu inayeyuka. Kabla ya hapo hesabu ya kiuatilifu ilikuwa mavuno upande mmoja na bei ya dawa upande wa pili. Mwili wa mkulima haukuwamo. Baada ya mtu kuonesha kwamba hesabu inapungukiwa na kitu, hata anayekataa matokeo analazimika kueleza kwa nini anakiacha kitu hicho nje. Angalia kama utafiti wako ulifanya hivyo. Soma nyaraka za wizara za kabla na za baada ya kukataa. Lugha imebadilika? Kuna jambo ambalo zamani halikutajwa na sasa linatajwa, hata kama ni kwa kulipinga?

Barua ile ya kukataa, omba nakala yenye mhuri, na uandike pembeni siku uliyoipata na mtu aliyekupa. Kisha mtafute aliyeitia saini, akiwa bado yuko kazini au amestaafu, na umuulize bila kumshtaki ni karatasi zipi nyingine zilizokuwa mezani kwake siku ile.